Mwaka wa Bakuli la Mifupa

Bidbid, pale njia ya Nizwa inapoachana na njia ya Ibra na Sur, pana kibanda cha chai ninachokipenda, na mwezi uliopita nilikuwa nimesimama mbele yake na karaki yangu mkononi, chai ile ya maziwa, mume wangu yumo garini anapiga honi kama kawaida yake, niliposikia ukelele nyuma yangu: "Bint il-'idham! Binti Mifupa!" Madereva wakageuka, Mhindi wa chai akageuka na bilauri mkononi. Mimi sikugeuka mara moja. Duniani kote yupo mtu mmoja tu aliyekuwa akiniita hivyo, na mara ya mwisho nilimwona siku ya harusi yake, ana hina mpaka viwikoni. Nilipogeuka nikamkuta mwanamke mnene wa makamo yangu, abaya imemkaa upande, miwani imemteleza puani, mikono ameitandaza. "Asila!" nikapiga kelele na mimi, na umri wangu huu wa miaka sitini, mwalimu mstaafu wa Kiingereza, nikaimwaga karaki nzima juu ya viatu. Tukakumbatiana pale pale kati ya magari, yeye kwa Kiarabu na mimi kwa Kiswahili, kisha tukabadilishana, yeye Kiswahili na mimi Kiarabu. Mume wangu akateremka akidhani nimepatwa na jambo. "Nani huyu?" akauliza. Asila akamjibu, "Hukuambiwa? Huyu mkeo aliwahi kuwanyima halwa wanawake wa mtaa mzima, karibu mwaka." Mume wangu akanitazama. Sikupata kumwambia hata siku moja.

Tulisimama pale mpaka jua likatuchoma. Kabla ya kuagana Asila alinishika mkono akaniambia neno lililonifanya nisilale vizuri siku nne: "Bakuli lipo. Zima, halina hata ufa. Lakini mjukuu wangu amempata mtu wa Maskati anayekusanya vyombo vya zamani vya Kiingereza, na kila siku ananisumbua tuliuze. Njoo Ibra Ijumaa." Wallahi nilitaka kwenda naye saa ile ile. Nilirudi garini nikicheka peke yangu, mume wangu akasema, "Haya, nieleze hiyo halwa," na mimi nikaanza kumweleza tangu Bidbid mpaka nyumbani, na ninavyoandika hapa ndivyo nilivyomweleza, ila yeye alinikatiza mara nyingi.

Mambo ya nani alimzaa nani na nani alitoka bara gani kwa meli gani nitayaacha, kila nyumba ya watu wetu inayo hadithi hiyo na zote zinafanana. Inatosha kujua kwamba mwaka nilipotimiza miaka kumi na minane nilipelekwa Ibra kukaa na Bibi Moza, shangazi wa mama yangu, mpaka nipate nafasi chuo cha ualimu. Nilikuja na Kiswahili changu cha bara na Kiingereza changu cha shule, na Bibi, ambaye alikuwa mtu wa Unguja mjini kutoka ukucha mpaka utosi, alinicheka siku ya kwanza nilipofungua mdomo. "Shikamoo Bibi, niko fiti tu," nilimwambia. "Marahaba. Fiti ndiyo nini? Ndiyo ugonjwa?" Nyumba yake ilikuwa ya udongo, vyumba vitatu na uwanda, na chumba cha mbele ndicho kilichokuwa roho ya nyumba. Busati jekundu, mito imeegemezwa ukutani, na ukutani mna vidaka vitano kama vile vya nyumba za Unguja. Vidaka vinne vilikuwa na vitu vya kawaida, chetezo, mrashi, msahafu, saa iliyokufa. Kidaka cha kati kilikuwa na kitu kimoja tu.

Bakuli lenyewe lilikuwa dogo kuliko sifa zake, la kutosha viganja viwili. Lilikuwa jeupe, lina mawaridi ya rangi ya pinki na majani yake, na vijiua vya buluu vimetawanyika baina yao, na mdomoni lina uzi wa dhahabu. Waridi moja lilikuwa kubwa kuliko yote. Siku ya pili ya kukaa kwangu Bibi alinipeleka dirishani akaliinua juani. "Tia mkono nyuma," akasema. Nikatia, na lo! Nikaviona vidole vyangu vitano, vivuli vyake, kupitia ukuta wa bakuli. Sikupata kuona kitu kama hicho. Nikasema, "Bibi, tena!" kama mtoto, naye akanikubalia. Aliniambia kwamba alipoondoka kwao alichukua alichoweza kukibeba mkononi, na mkononi alibeba hilo, limeviringishwa ndani ya kanga tatu. Hakusema zaidi ya hapo na mimi sikuuliza, nilikuwa nimeshughulika na vidole vyangu.

Pale mtaani wanawake walikuwa na ada yao ya kahawa ya dhuha. Kila siku kiasi cha saa nne wanakutana nyumba moja, kwa zamu, kwanza tende, kisha matunda, kisha halwa, halafu kahawa chungu inazunguka mpaka mtu atikise kikombe kuonyesha kwamba ametosheka. Zamu ya Bibi Moza ilikuwa Jumatatu, na Jumatatu hakuna aliyekosa, kwa sababu halwa ya Bibi Moza alikuwa akiipika mwenyewe. Kupika halwa kule ni kazi ya wanaume, inataka mkono wa kukoroga masaa mawili bila kusita, lakini Bibi alijifunza kwa marehemu mumewe na mikono yake ilikuwa kama ya mchukuzi. Nyumba nzima inanuka zafarani, samli na marashi. Halwa ikiiva anaitia kwenye bakuli la mawaridi, analiweka katikati ya mkeka, na analizungusha taratibu mpaka lile waridi kubwa limtazame mgeni mkubwa. Mgeni mkubwa siku zote alikuwa Umm Saif, jirani wa ukuta kwa ukuta, mama yake Asila. Mwarabu wa pale pale Ibra, mrefu, mkavu, barakoa haimtoki usoni, na alipokuwa akila huinyanyua kwa kidole kimoja, anamega halwa kwa vidole vitatu, kisha anafuta vidole kwenye mdomo wa bakuli. Alikuwa na neno mtaani. Akisema kitu ni kizuri, ni kizuri. Bibi Moza kumpata Umm Saif kwenye mkeka wake kila Jumatatu ilimchukua miaka, maana sisi tuliokuja kutoka Afrika tulikuwa tukitazamwa kwa jicho la pembeni kidogo, ati dini yetu nyepesi na vyakula vyetu havijulikani. Halwa ndiyo iliyofungua mlango huo.

Na mimi nilikuwa msomaji wa mtaa! Siwezi kueleza raha niliyokuwa nayo. Wanawake waliniletea pakiti za dawa, makopo ya maziwa, sabuni, hata karatasi ya mashine ya kufulia, na mimi nasoma Kiingereza kwa sauti halafu nawafasiria. Waliniita mualima kabla sijaingia chuo. Asila, ambaye tulikuwa sawa kwa umri na Bibi alikuwa amemfundisha Kiswahili tangu mdogo, alinikalia ubavuni akijivunia kama yeye ndiye aliyenizaa. Kichwa kikavimba. Jumatatu moja, halwa imekaribia kwisha, Asila aliliinamisha bakuli kukomba iliyobaki, akaona maandishi chini. "Zuwena, na hapa pameandikwa nini?" Nikalinyakua. Nikasimama, ndiyo, nilisimama kabisa kama niko mbele ya darasa. Nikasoma, kisha nikafasiri kwa Kiarabu, neno kwa neno, kwa madaha: "Kauri safi ya mifupa. Imetengenezwa Uingereza."

Umm Saif alinyoosha mkono nikampa bakuli. Hakujua kusoma Kiingereza, lakini aliyatazama yale maandishi muda mrefu, akapitisha kidole juu ya herufi moja moja. "Mifupa," akasema. "Mifupa ya nini?" Sasa ndugu zangu, hapo palitaka neno moja tu, "sijui," na neno hilo mimi wakati ule nilikuwa silijui. Nikatazama nyuso zile zote zinaningojea, nikacheka, nikasema: "Waingereza wanakula nguruwe asubuhi na jioni. Mifupa yake wataipeleka wapi?" Nilidhani watacheka. Asila alikuwa na kidole kinywani. Alikitoa polepole akakitazama. Umm Saif akaliweka bakuli chini, akainuka, akaenda bombani uwandani, na wote wakamfuata, na mimi nikabaki nimesimama nasikiliza wanawake wanane wanasukutua vinywa. Hakutukana mtu. Alirudi mlangoni akamwambia Bibi kwa upole, "Hukujua, ya Moza. Mungu anasamehe." Afadhali angetukana.

Walipoondoka nilingoja kipigo, hakikuja. Bibi aliliosha bakuli, akalifuta kwa kitambaa chake, akalirudisha kidakani, lakini alilifudikiza, mdomo chini. Kisha akaniuliza, "Ulichosema ulikijua au ulikidhani?" "Nilikidhani, Bibi." "Heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, mjukuu wangu. Sasa kaitafute mifupa hiyo mpaka uijue ni ya nani." Jumatatu iliyofuata alipika halwa kama kawaida, akaitia kwenye sinia la bati. Wanawake walikuja, wana adabu zao, hawakukata mguu. Walikunywa kahawa, wakatikisa vikombe, wakaulizana habari za wagonjwa. Tende za kutoka shambani walikula. Halwa haikuguswa na mtu, maana sufuria ni ile ile na mwiko ni ule ule. Sinia lilirudi jikoni limejaa, uso wa halwa haukuchubuka hata kidogo. Bibi alikaa juu ya kibao akalitazama, akasema, "Ugeni nimeuzoea. Chakula changu kutoliwa, hilo sijalizoea," na akalia, mama yule wa mikono ya mchukuzi, machozi yanamdondokea mapajani. Nikaapa mbele yake kwamba halwa yake italiwa tena au mimi nisiitwe Zuwena.

Basi nikaanza! Mbio za mwaka ule sijapata kuzikimbia tena. Nilikwenda kwa mwalimu wa Kiingereza wa skuli ya wasichana, mama wa Kihindi mwenye subira, akaniambia kwamba kweli kauri ile inatiwa majivu ya mifupa, ndiyo maana inakuwa nyembamba hivyo na nuru inapita, lakini mifupa ya mnyama gani hana hakika. "Waandikie wenyewe," akasema, kama jambo jepesi. Chini ya bakuli palikuwa na jina la kiwanda na jina la mji, basi. Niliandika barua mara sita nikaichana mara tano. Mimi na Asila tuliipeleka posta kwa miguu, na kwa anwani ya kujibiwa tuliandika sanduku la posta la baba yake, kwa kuwa ndilo pekee tuliloweza kulitumia. Yaani jibu la kumsafisha Bibi lipitie nyumbani kwa Umm Saif! Kila siku Asila alimvizia baba yake akirudi na barua. Wiki zikapita, mwezi, mwezi wa pili, mimi nimekwisha kukonda, na Jumatatu tano, sita, nane, sinia linarudi limejaa na mbuzi wa mtaa wananenepa kwa halwa ya zafarani.

Siku ilipofika nilikuwa juu ya dari naanika ndimu. Nikamwona Asila anakuja mbio uchochoroni, amekamata ubavu wa abaya kama amechomwa na mwiba, anapiga kelele bila sauti, mdomo wazi tu. Alipanda ngazi mbili mbili. Bahasha ilikuwa na stempu yenye kichwa cha malkia. Yeye ndiye aliyeifungua. Ndani mlikuwa na karatasi moja iliyopigwa taipu na kitabu cha picha za vyombo vya maua, na kwenye karatasi, mstari wa tatu, nausoma mpaka leo nikifumba macho: mifupa tunayotumia ni ya ng'ombe, inachomwa mpaka inakuwa majivu meupe. Ng'ombe! Tulirukaruka juu ya ndimu, tukazikanyaga zote. "Ng'ombe! Ng'ombe!" tunaimba, mpaka Bibi akatoka uwandani kuuliza ng'ombe wa nani amepotea. Nikateremka, sikuvaa hata viatu, moja kwa moja kwa Umm Saif na barua yangu. Alikuwa anachambua mchele. Alinisikiliza mpaka mwisho, akapembua, akapuliza makapi, akauliza, "Nani aliyemchinja?" Hilo kwenye barua halikuwamo.

Bibi aliposikia alicheka kwa mara ya kwanza tangu msiba ule. "Huyo ndiye jirani yangu," akasema. "Twende Nizwa." Ijumaa mjomba Khalfan, mwanawe, alikuwa anapeleka mbuzi mnadani, tukapanda pikapu lake, mbuzi nyuma na sisi mbele, bakuli limo ndani ya kikapu mapajani kwangu, ndani ya kanga tatu zile zile. Nizwa mnada umepamba moto, watu wanazungusha mbuzi na madalali wanaguta, sisi tunapenya na kikapu chetu kwenda kwa mzee mmoja mwanachuoni aliyekuwa akisomesha chumbani karibu na msikiti. Nilimweleza yote. Akaomba alione, na nilipompa alilipeleka mlangoni penye jua, akatia mkono nyuma. Akaviona vidole vyake. Nakwambieni, alitabasamu kama mtoto, akavichezesha! Kisha akanigeukia, tabasamu limeondoka. "Umemwona nguruwe kwa macho yako?" "La, sheikh." "Umeambiwa na aliyemwona?" "La." "Basi asili ya chombo ni tahara mpaka ithibiti vinginevyo, na kilichoungua kikawa jivu si kile kilichokuwa. Najisi hapo nimeiona moja tu, ni neno ulilolisema bila ya kulijua. Kuleni halwa yenu." Bibi alicheka njia nzima. Tuliposimama Mudhaibi kununua mishikaki bado anafuta macho, "Ati najisi nimeiona moja tu!"

Mimi nikawa nahesabu dakika za kufika. Nilimkuta Umm Saif mlangoni, nikamwambia sheikh kasema hivi na hivi, na kwamba mashahidi ni wawili, mimi na Bibi. Alinitazama juu ya barakoa yake, macho tu. "Bibi yako mwenye bakuli," akasema, "na wewe mwenye mdomo." Akaingia ndani. Nililia siku ile kwa hasira, kisha nikalia kwa sababu alisema kweli. Yule aliyeamini neno langu la uongo papo hapo sasa haliamini la kweli, na ufundi huo nilimfundisha mimi. Ramadhani ikaingia ikatoka. Siku ya Idi Bibi alipika halwa sufuria nzima, wanawake wakaja kumpa mkono, wakanusa moshi wa udi, wakenda zao.

Mwezi baada ya Idi Asila akachumbiwa, na ikapangwa siku ya milka yake, siku ya kufunga ndoa. Wanawake wa upande wa bwana harusi walikuwa wanakuja alasiri kutoka Sur, watu wakubwa, na Umm Saif alitaka kila kitu kiwe juu ya viwango. Asubuhi yake alifungua sanduku lake akatoa vikombe vya chai ambavyo havikupata kutoka tangu harusi yake mwenyewe, kila kimoja kimefungwa kwenye gazeti kuukuu, vyeupe vina maua ya zambarau. Mumewe alivinunua Sur zamani hizo. Akanipa mimi, niliyekwenda na Bibi kusaidia kama majirani, kazi ya kuviosha. Bibi alikuwa jikoni kwenye masufuria. Mimi nikachuchumaa uwandani na beseni, nikaosha kikombe cha kwanza, nikakifudikiza kikauke, na chini yake, kwa herufi za kijani, maneno yale yale! Yale yale, neno kwa neno! Nikakigeuza cha pili. Cha tatu. Vyote kumi na viwili, kauri safi ya mifupa, imetengenezwa Uingereza. Nikafunga kimoja ndani ya upande wa leso yangu nikakimbilia jikoni.

"Bibi! Nyani haoni kundule! Tazama!" Bibi hakujua Kiingereza pia, lakini alitazama, akaelewa. Mwiko ukasimama sufuriani. "Umemwambia nani?" "Bado. Nangoja waje watu wa Sur, nisome mbele yao wote, kama siku ile. Tuone atakwenda kusukutua wapi." Nilikuwa nacheka, miezi kumi ya sinia lililojaa ilikuwa mkononi mwangu. Bibi akauliza, "Leo siku ya nani?" "Ya Asila." "Na nyumba ya nani hii?" Nikakifunika kikombe kwa leso. "Mimi nilivunjiwa heshima nyumbani kwangu, mbele ya wageni wangu. Najua inavyouma. Wataka nimvunjie na mwenzangu?" "Lakini Bibi, halwa yako! Hawatakula tena maisha!" "Basi wasile," akasema, na sauti ilimkatika, maana alikuwa anamaanisha. "Rudi kavipanguse vikombe vya watu, na kimoja kisivunjike."

Nikavipangusa. Alasiri nikavipitisha mwenyewe kwenye sinia, mdomo nimeuuma. Wageni wa Sur wakavisifu, "Mashallah, vikombe gani hivi, vyepesi kama karatasi." Asila amekaa katikati na nguo yake ya kijani, hajui lolote. Umm Saif alikunywa chai yake, akainua kikombe kutazama kama kimekwisha, na hapo kikombe kikapinduka kidogo mkononi mwake. Nilimwona alipoona. Herufi hakuzijua, lakini zile alikuwa amezipitishia kidole moja moja siku ile ya bakuli, na hakuwa mtu wa kusahau kitu alichokigusa. Alikitazama chini ya kikombe. Akanitazama mimi. Nikainamisha macho kwenye sinia langu, nikasema, "Niongeze chai, khala?" na kwa nguvu zote za umri wangu nikanyamaza. Akamtazama Bibi Moza upande wa pili wa chumba. Bibi alikuwa na kikombe mkononi kama kile kile. Akakinyanyua, akanywa, akamuuliza mama wa bwana harusi habari za joto la Sur.

Jumatatu iliyofuata, kabla ya saa nne, mlango ukagongwa. Umm Saif mbele, wanawake wote nyuma yake. Alikaa mahali pake, akapokea kikombe cha kahawa, akakiweka chini bila kukinywa. "Ya Moza. Halwa yako iko wapi?" Bibi akaenda akarudi na sinia la bati. "La," Umm Saif akasema. "Bakulini kwake." Mimi ndiye niliyelifikia kidakani, nikalifudua, nikalipangusa vumbi la miezi kumi, na Bibi akatia halwa. Akalizungusha mpaka waridi kubwa likamtazama jirani yake. Umm Saif akainyanyua barakoa kwa kidole kimoja, akasema bismillahi kwa sauti, akamega, akala, akafuta vidole kwenye uzi wa dhahabu. Akafikiri. "Inataka iliki," akasema. Bibi akamjibu, "Iliki imo, ulimi wako ndio uliozubaa kwa kukosa halwa," na wanawake wakaangua kicheko na mikono yote ikaingia bakulini kwa pamoja, wakisukumana. Mimi nilikimbilia jikoni nikapiga vigelegele peke yangu nimejifunika leso usoni. Harusi ya Asila ilipofika Bibi alimpa bakuli lile kuwa zawadi, ndani ya kanga tatu. Wiki mbili baadaye nikaenda chuoni, na Bibi Moza Mungu alimchukua nami niko masomoni.

Ijumaa ile basi nikaenda Ibra. Nyumba ya Asila, aliyekwisha kurudi Ibra na mumewe, ni ya siku hizi, sakafu inateleza, kiyoyozi kinavuma, na mjukuu wake Rayyan, msichana wa chuo kikuu mchangamfu, hakuniacha hata nivue viatu. "Shikamoo, khala! Wewe ndiye Binti Mifupa? Tazama, huyu mtu ameandika tena. Anasema bakuli hii ni nzuri sana, vintage, lakini dhahabu yake imetoka upande mmoja, inapunguza thamani yake." Nikaomba nilione. Lilikuwa dogo kuliko nilivyolikumbuka. Mawaridi mazima, vijiua vya buluu vizima, na uzi wa dhahabu unang'aa mdomo mzima, isipokuwa juu ya waridi kubwa, upana wa vidole vitatu, umekwisha kabisa, pamebaki weupe mtupu.

"Mama alikula hapo mpaka mwaka jana alipofariki," Asila akasema. "Kila Jumatatu. Akiwekewa upande mwingine analizungusha mwenyewe." Akacheza na shungi lake. "Alinipa neno lako. Alisema nikikukuta popote nikwambie: siku ya milka alikuona. Alikuona unavyonyamaza." Nikapitisha kidole pale palipolika, na nililia, sikuona haya mbele ya mtoto yule, miaka arubaini ilikuwa imengoja neno hilo. Asila akaondoka akaenda jikoni, akarudi na sufuria, akalijaza bakuli halwa mpaka juu, ya moto, inanuka zafarani, akalizungusha taratibu mpaka waridi kubwa likanitazama mimi. Simu ya Rayyan ikalia.

"Ni yeye tena," Rayyan akasema. "Anataka picha ya chini. Khala, wewe si mwalimu wa Kiingereza? Hebu ligeuze unisomee, chini pameandikwa nini?"

"Mwambie haligeuziki," nikasema, nikamega halwa ya kwanza kwa vidole vitatu. "Lina halwa."